Machungwa ya Mtangata na Maradhi ya Mabaharia

Kabla ya mapambazuko ya tarehe 6 Aprili 1498, merikebu ya Kireno iliyoitwa São Rafael ilikwama kwenye fungu nje ya pwani ya Mtangata, mji wa kale ambao magofu yake leo yako Tongoni, kusini mwa Tanga. Maji yalipokupwa, chombo kikabaki juu pakavu. Mitumbwi miwili ikakisogelea kutoka nchi kavu, na mmoja ulikuwa umesheheni machungwa. Mtu aliyekuwa akiandika habari za safari ile, mmoja wa wafuasi wa Vasco da Gama, kiongozi wa msafara, aliyasifu matunda hayo akasema ni mazuri kuliko machungwa ya Ureno. Maji yalipojaa, São Rafael ikaelea tena, na watu wawili wa mitumbwi ile wakasafiri na msafara hadi Mombasa.

Wareno walikuwa na haja kubwa na matunda hayo kuliko walivyojua. Walikuwa wametoka Lisbon Julai 1497, na kwa miezi mingi walikuwa wakila biskuti ngumu, nyama ya chumvi na samaki wakavu. Januari 1498, wakiwa wametia nanga kwenye mto karibu na Quelimane, katika Msumbiji ya leo, wengi wao waliugua. Mikono na miguu ilivimba, na ufizi ukafura hadi kufunika meno, wakashindwa kula.

Huo ndio kiseyeye. Huanza kwa uchovu na maumivu ya miguu. Kisha madoa ya damu hujitokeza kwenye ngozi, ufizi huvimba na kuvuja damu, meno hulegea, na makovu ya zamani hufunguka upya kana kwamba jeraha ni la jana. Asiyetibiwa hufa. Tangu safari ile ya da Gama hadi mwisho wa karne ya 18, kiseyeye kilikuwa adui mkubwa wa mabaharia wa Ulaya, na wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa kiliua watu wengi baharini kuliko vita na dhoruba.

Msafara ulifika Mombasa tarehe 7 Aprili. Mfalme wa mji alipeleka zawadi: kondoo, machungwa na malimau kwa wingi, miwa, na pete iwe dhamana ya usalama. Urafiki haukudumu. Kila upande ulimshuku mwenzake, da Gama akawatesa mateka kwa mafuta ya moto ili wafichue alichodhani ni njama, na tarehe 13 merikebu zikang'oa nanga kwenda Malindi. Lakini katikati ya habari hizo za hofu na ukatili, shajara ya safari inasema kwamba huko Mombasa wagonjwa wote walipata nafuu. Mwandishi alimshukuru Mungu, kisha akataja sababu aliyoiona yeye: hewa ya mji ule ni nzuri.

Machungwa yametajwa na kupona kumetajwa, katika kurasa zilizo karibu kabisa, na mwandishi hakuyaunganisha. Ilichukua takriban miaka 300 kabla ya jeshi lolote la majini la Ulaya kuamuru rasmi kwamba mabaharia wake wote wapewe maji ya limau. Katika muda huo wote, dawa yenyewe ilikuwa ikining'inia kwenye mashamba ya Mombasa, Malindi na Mtangata, ikiliwa na watoto na kuuzwa kwa wapita njia.

Michungwa hiyo nayo ilikuwa imesafiri. Asili ya jamii ya machungwa, malimau na ndimu ni miguuni mwa milima ya Himalaya, kaskazini-mashariki mwa India na nchi za jirani kuelekea China. Mwanahistoria al-Mas'udi, aliyezaliwa Baghdad, aliandika katika karne ya 10 kwamba chungwa chungu, ambalo watu wa pwani huliita danzi, lililetwa kutoka India baada ya mwaka 300 wa Hijria, yaani karibu na mwaka 912. Lilipandwa kwanza Oman, kisha Basra, halafu Iraq na Sham. Aliongeza kwamba katika nchi hizo mpya tunda lilipoteza harufu nzuri liliyokuwa nayo India.

Al-Mas'udi aliijua pia bahari ya Afrika Mashariki. Alisafiri kati ya Oman na kisiwa alichokiita Kanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanaamini kilikuwa Pemba, na safari yake ya mwisho kwenye njia hiyo ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, miaka michache tu baada ya michungwa ya kwanza kufika Oman. Kwa hiyo mti ule ulitia mizizi katika nchi ambayo majahazi yake yalikuwa yakishuka kila mwaka na upepo wa kaskazi, yakibeba mitungi, tende na nguo, na kurudi na pembe za ndovu na miti ya kujengea.

Alipofika Ibn Battuta mwaka 1331, jamii ya limau ilikuwa imeshazoeleka mwambao mzima. Mombasa aliitaja kuwa na migomba, milimau na miti mingine ya jamii hiyo, pamoja na tunda lenye kokwa kama ya zeituni na utamu mwingi, ambalo maelezo yake yanafanana na zambarau. Maelezo yake ya Mogadishu yanaingia jikoni kabisa. Akiwa mgeni wa mtawala wa mji, aliandaliwa wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na kando yake sahani ya malimau yaliyotiwa chumvi, vishada vya pilipili vilivyosindikwa kwa siki, tangawizi mbichi na maembe. Wenyeji, alisema, hula tonge la wali kisha wakaonja kitu cha chumvi na siki. Mtu yeyote aliyekula pilau ya harusi Lamu, Unguja au Mombasa ataitambua meza hiyo. Achari ya ndimu na ya embe bado inapitishwa kwenye sinia vilevile, karibu miaka 700 baadaye.

Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika karibu mwaka 1516, aliikuta Mombasa na machungwa matamu na machungu, malimau, makomamanga na mboga za kila namna. Bustani hizo hazikupandwa kwa ajili ya meli za wageni. Ndimu ilikamuliwa juu ya samaki ili kuondoa shombo, limau likatiwa kwenye mchuzi, chungwa likaliwa baada ya kazi. Hakuna baharia wa mwambao aliyehitaji nadharia ya kiseyeye ili apone kiseyeye. Kwa kawaida hakukipata, kwa sababu ya chakula chake na kwa sababu ya upepo.

Upepo una sehemu kubwa katika kisa hiki. Mwili wa binadamu aliyekula vizuri huwa na akiba ya kumlinda na kiseyeye kwa wiki kadhaa. Dalili huanza baada ya mwezi mmoja hadi mitatu bila matunda wala mboga. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipanga safari kwa kaskazi na kusi. Walivuka wakati upepo unasukuma vizuri, na njia zao nyingi ziliambaa pwani yenye bandari, visima na masoko. Chombo kilichotoka kwa wakati wake kilifika kabla akiba haijaisha.

Da Gama alipata faida ya elimu hiyo mara moja tu. Alipoondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji, kusi ilikuwa inaanza. Tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Calicut. Kivuko cha kurudi kutoka pwani ya India alikianza kwa pupa, tarehe 5 Oktoba, kabla kaskazi haijashika. Merikebu zikahangaika baharini kwa karibu miezi mitatu, upepo ukifa na kugeuka. Kiseyeye kikarudi na nguvu zake zote. Watu 30 walikufa katika kivuko hicho, idadi sawa na waliokwisha kufa kabla yake, na katika kila chombo walibaki watu saba au wanane tu wenye uwezo wa kufanya kazi, nao hawakuwa wazima.

Pwani ya Afrika ilionekana tarehe 2 Januari 1499, karibu na Mogadishu. Tarehe 7 wakatia nanga Malindi, na jambo la kwanza linalotajwa ni machungwa. Da Gama alimtuma mtu nchi kavu kuyatafuta, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakiyatamani sana. Yaliletwa siku iliyofuata pamoja na matunda mengine. Huenda watu wa kawaida wa merikebu, wasio na elimu ya utabibu, walikuwa wameshaunganisha mambo mawili ambayo mwandishi wao hakuyaunganisha Mombasa. Miili yao ilikuwa inakumbuka. Hata hivyo kwa wengi msaada ulichelewa, wakafia Malindi.

Waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Siku chache baadaye, kwenye mafungu yaleyale ya Mtangata, São Rafael ilipakuliwa na kuchomwa moto.

Mwaka uliofuata maarifa yale yakaandikwa waziwazi zaidi. Msafara wa Pedro Álvares Cabral ulifika Malindi Agosti 1500, na simulizi ya mmoja wa wasafiri wake inasema mfalme aliwapelekea kondoo, kuku, malimau na machungwa, na kwamba kwa matunda hayo wagonjwa wa kinywa walipona. Sasa tunda na uponyaji vilikuwa katika sentensi moja. Wareno walijifunza kutokana na hayo, angalau kwa vitendo: kisiwa cha St Helena katika Atlantiki, kilichokuwa hakina watu walipokifikia mwaka 1502, kilipandwa michungwa na milimau, na kikawa kituo cha kuokoa maisha kwa vyombo vilivyorudi kutoka India.

Kati ya waliofaidika na kituo hicho alikuwa Mwingereza James Lancaster. Mwaka 1591 chombo chake, Edward Bonaventure, kilitia nanga Zanzibar mwishoni mwa Novemba na kukaa hadi Februari, kikiwa chombo cha kwanza cha Kiingereza kinachojulikana kufika huko. Simulizi ya safari hiyo inawashauri Waingereza watakaofuata waitafute Zanzibar kwa ajili ya bandari yake, maji, samaki, ng'ombe, kuku, nazi na matunda ya kila aina. Wakati wa kurudi, mwaka 1593, walipumzika St Helena, na mgonjwa wa kiseyeye akapona huko kwa muda mfupi. Lancaster alipoongoza safari ya kwanza ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki mwaka 1601, alipakia chupa za maji ya limau katika chombo chake, Red Dragon. Kila asubuhi, kabla ya kula, mabaharia wake walipewa vijiko vitatu. Vyombo vingine vitatu vya msafara huo havikuwa na dawa hiyo, na vilipofika rasi ya kusini ya Afrika, watu wake walikuwa dhaifu kiasi kwamba wafanyabiashara wenyewe walilazimika kushika kamba na matanga. Watu wa Lancaster ndio waliokwenda kuwasaidia kutia nanga.

Ushahidi ulikuwa umekamilika mwaka 1601. Lakini ulisahauliwa. Malimau yalikuwa ghali, yaliharibika haraka, na madaktari wa Ulaya waliamini kwamba kiseyeye kinatokana na hewa chafu, unyevu, uvivu au damu iliyooza. Katika nadharia hizo chungwa halikuwa na mahali pa kukaa. Hivyo kati ya mwaka 1740 na 1744, msafara wa Kiingereza wa George Anson kuzunguka dunia uliondoka na watu karibu 1,900, na wengi wao wakafa, hasa kwa kiseyeye.

Msiba huo ulimsukuma James Lind, daktari wa Scotland. Tarehe 20 Mei 1747, ndani ya manowari Salisbury, alichagua wagonjwa 12 wa kiseyeye waliofanana hali, akawalaza mahali pamoja na kuwapa chakula kimoja. Kisha akawagawa wawili wawili na kila jozi ikapata dawa yake: maji ya tofaa yaliyochachushwa, asidi ya salfa iliyozimuliwa, siki, maji ya bahari, mseto wa kitunguu saumu na viungo, na jozi moja ikapewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yalikwisha baada ya siku sita, lakini yalitosha. Mmoja wa waliokula matunda alirudi kazini, na mwenzake akapata nafuu kiasi cha kuwauguza wengine. Jaribio hilo hutajwa leo kuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya tiba yaliyolinganisha wagonjwa kwa utaratibu.

Lind alichapisha kitabu chake mwaka 1753, lakini hakusema waziwazi kwamba tunda ndilo dawa. Naye aliendelea kuamini habari za unyevu na mmeng'enyo mbaya wa chakula. Tena, ili maji ya matunda yadumu safarini, alishauri yachemshwe taratibu hadi yawe mazito. Moto uliua kile kilichokuwa kinaponya. Mabaharia waliopewa dawa hiyo iliyochemshwa hawakupona vizuri, na watu wakazidi kulitilia shaka limau lenyewe. Jeshi la majini la Uingereza liliagiza maji ya limau kwa merikebu zake mwaka 1795, kwa juhudi za daktari Gilbert Blane, mwaka mmoja baada ya Lind kufariki.

Hata hapo kisa hakikuisha, na sura yake inayofuata inaihusu ndimu. Katikati ya karne ya 19, Waingereza waliacha malimau ya Mediterania wakahamia ndimu za visiwa vya Karibi, kwa kuwa zilikuwa katika makoloni yao. Ndimu ni kali zaidi ulimini, na kwa kuwa madaktari walidhani ukali wa asidi ndio unaotibu, badiliko hilo lilionekana kuwa la busara. Ukweli ni kwamba ndimu ina takriban nusu ya nguvu ya limau dhidi ya kiseyeye, na maji yake yaliyokaa muda mrefu, yakipita kwenye mabomba ya shaba na kupigwa na hewa, yalibaki na nguvu kidogo sana. Msafara wa Kiingereza wa kwenda Aktiki, ulioongozwa na George Nares mwaka 1875 na 1876, ulivunjika mapema kwa kiseyeye. Wakuu wa tiba wakaanza kufikiri kwamba ugonjwa unatokana na sumu ya nyama ya makopo. Mwaka 1918 watafiti wa Taasisi ya Lister mjini London, Harriette Chick akiwa miongoni mwao, walipima limau na ndimu bega kwa bega na kuonyesha jinsi maji ya ndimu yaliyohifadhiwa yalivyokuwa dhaifu. Ndimu mbichi inayokamuliwa saa ileile juu ya chakula ni habari nyingine kabisa, na hiyo ndiyo ndimu ya jikoni mwa pwani.

Kitu chenyewe kinachoponya, ambacho leo huitwa vitamini C, kilianza kunaswa mwaka 1907, pale Axel Holst na Theodor Frølich wa Norway walipogundua kwamba simbilisi wakilishwa nafaka tupu hupata kiseyeye. Ilikuwa bahati njema, kwa maana wanyama wengi hawawezi kuugua ugonjwa huu. Mbuzi, ng'ombe, mbwa na kuku hujitengenezea vitamini C mwilini mwao. Kondoo na kuku waliopakiwa kwenye merikebu za Wareno hawakuwa katika hatari iliyowakabili wenye merikebu. Binadamu, pamoja na nyani na simbilisi, alipoteza uwezo huo zamani sana katika historia ya viumbe, na tangu hapo hana budi kuipata vitamini hiyo mdomoni. Albert Szent-Györgyi wa Hungary aliitenga mwaka 1928 bila kujua hasa ameshika nini. Mwaka 1932 ikathibitika kuwa ndiyo vitamini C, na mwaka 1937 akapata Tuzo ya Nobel.

Kazi yake kubwa ni kuusaidia mwili kutengeneza kolajeni, protini inayofunga pamoja ngozi, mishipa ya damu, ufizi, mifupa na makovu. Vitamini C ikikosekana, kolajeni mpya huwa dhaifu. Ndiyo sababu ufizi huvuja damu na kidonda kilichopona zamani hufunguka. Mwaka 1939 daktari kijana wa upasuaji wa Boston, John Crandon, aliacha kula matunda na mboga kwa miezi sita huku akikatwa ngozi makusudi ili aone. Jeraha la mwezi wa tatu lilipona. La mwezi wa sita halikufunga mpaka alipopewa vitamini C. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu waliojitolea huko Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba miligramu 10 tu kwa siku zinatosha kuondoa dalili za kiseyeye. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Chungwa moja la wastani lina takriban 70.

Kwa kipimo hicho, masoko ya Afrika Mashariki ni tajiri. Katika gramu 100 za tunda, chungwa na limau yana miligramu 50 hivi za vitamini C, papai lina karibu 60, embe kati ya 30 na 40, na ndimu karibu 30. Pera, ambalo watoto hulichuma njiani na wakubwa hulidharau, lina zaidi ya 200. Unga wa ubuyu nao una kiasi kikubwa. Michungwa imeshika makao hasa Muheza, mkoani Tanga, umbali mfupi kutoka pwani ile ambako Wareno walipelekewa machungwa. Msimu ukifika, malori hutoka huko kwenda Dar es Salaam na kuvuka mpaka hadi Kenya, na bei kwa mkulima huanguka kwa sababu matunda yote huiva pamoja.

Faida kubwa ya ndimu kwa mlaji wa leo huenda isiwe kiseyeye, bali damu. Chuma kilichomo kwenye maharage, kunde, mchicha na nafaka hufyonzwa kwa shida tumboni. Vitamini C ikiwa katika mlo uleule, mwili huweza kukichukua kwa urahisi zaidi. Upungufu wa damu bado unawasumbua wajawazito na watoto wengi wa ukanda huu, na nyama haipatikani kwa kila nyumba kila siku. Ndimu inayokamuliwa kwenye kachumbari, kwenye mchicha baada ya kuepuliwa, kwenye muhogo wa kukaanga au kwenye mahindi ya kuchoma pamoja na pilipili ni desturi yenye maana kubwa kiafya, na ni vyema ikakamuliwa mezani kuliko kwenye sufuria inayochemka.

Matunda haya yamepewa pia sifa yasizokuwa nazo. Mwaka 1970 mwanakemia Linus Pauling alichapisha kitabu kilichoeneza duniani kote imani kwamba vitamini C nyingi huzuia mafua. Tafiti zilizofuata, zikijumlishwa pamoja, zinaonyesha kwamba kwa watu wa kawaida haizuii mafua. Kwa wanaoitumia kila siku, muda wa kuugua hupungua kidogo tu. Na balungi linahitaji tahadhari yake: tangu watafiti wa Canada walipoligundua jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1980, inajulikana kwamba huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja dawa nyingi, zikiwemo baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza lehemu, hadi dozi ya kawaida ikawa kali mwilini. Mwenye kutumia dawa za kila siku amuulize daktari au mfamasia wake kabla ya kulifanya balungi kifungua kinywa.

Kiseyeye chenyewe hakijawa habari ya merikebu za kale tu. Katika miaka ya 1980 kiliripotiwa tena na tena katika kambi za wakimbizi za Somalia na Sudan, ambako watu waliishi kwa mgawo wa nafaka, maharage na mafuta. Na kati ya mwaka 2017 na 2018 kilizuka katika kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, miongoni mwa vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini. Walifika kliniki wakilalamika maumivu na uvimbe wa miguu, na wengine kutokwa damu kwenye ufizi. Walipopewa vitamini C walipata nafuu. Dalili hizo ni zilezile zilizoandikwa karibu na Quelimane mwaka 1498, na chanzo ni kilekile: miezi mingi ya chakula kinachojaza tumbo bila kitu chochote kibichi.

Hapa historia ya mwambao ina la kufundisha wapangaji wa chakula. Mgawo wa mkimbizi, mlo wa shule ya bweni na sahani ya mfungwa hupangwa kwa kilo za unga, maharage na mafuta, kwa kuwa hivyo huhifadhika, hupimika na hujaza. Matunda huonekana kuwa kiburudisho, kama yalivyoonekana kwa makapteni wa zamani walioshindwa kuona dawa katika kitu kitamu. Gharama ya kurekebisha kasoro hiyo si kubwa. Pera, papai, chungwa au embe moja kwa siku, au hata majani mabichi ya mboga pale matunda yasipofika, hutosha kumlinda mtu mzima. Msimu ambao bei ya Muheza huporomoka hadi matunda yakaoza chini ya miti ndio ambao serikali, shule na mashirika ya misaada yangeweza kununua kwa wingi, kumpa mkulima soko la uhakika na kuyafikisha kwa watu ambao sasa wanaishi kwa uji, makande na maharage peke yake.